Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja



Katika kurasa hizi utasoma habari za mwanamke mmoja wa Unguja. Alizaliwa katika umaskini. Hakupelekwa shule. Alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini ili apate riziki. Baadaye jina lake lilijulikana katika mwambao wote wa Afrika Mashariki, na sauti yake ikauzwa madukani. Kisha miaka ikapita, mambo ya dunia yakabadilika, na ile fahari ikapungua. Mwanamke huyo ni Siti binti Saad.

Soma polepole. Ukifika mwisho wa kila sehemu, pumzika kidogo. Mweleze mwenzako uliyoyasoma. Kisha endelea.

1. Mtoto aliyeitwa Mtumwa

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Fumba ni kijiji cha pwani, kusini mwa mji wa Unguja. Watu wake walikuwa wavuvi na wakulima. Baba yake aliitwa Saad, na asili yake ilikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mama yake asili yake ilikuwa Mzigua wa Tanga. Wote wawili walizaliwa Unguja. Mtoto wao walimpa jina la Mtumwa.

Jina hilo linatukumbusha mambo mazito. Sisi watu wa Kilwa tunayajua mambo hayo. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi hizi za bara, ikateremka mpaka baharini. Hapo watu walipakiwa katika majahazi, na wengi wao walipelekwa Unguja.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini kufunga soko siyo kumaliza utumwa. Watu waliokwisha kuwa watumwa waliendelea kuwatumikia mabwana zao. Amri ya kuufuta utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897. Wakati huo binti Saad alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Basi, ndugu msomaji, huyu alikulia katika nchi ambamo watu walipimwa kwa nasaba na kwa mali. Mtu wa shamba, asiye na mali, mwenye asili ya bara, aliwekwa chini kabisa. Na kama mtu huyo alikuwa mwanamke, aliwekwa chini zaidi. Katika kijiji chake binti Saad hakupata shule ya serikali wala chuo cha Kurani. Alijifunza kazi za mikono tu.

2. Vyungu na sauti

Kazi aliyojifunza ilikuwa ufinyanzi. Akina mama wa vijiji vyetu wanaijua kazi hii na taabu yake. Kwanza huchimba udongo wa mfinyanzi. Kisha huutoa mawe na mizizi, wakaukanda mpaka ulainike. Halafu hukifinyanga chungu, wakakilainisha, wakakiacha kikauke taratibu kivulini. Kikianikwa upesi katika jua kali, hupasuka. Mwisho hukichoma kwa moto. Vingine huvunjika motoni. Mfinyanzi hula hasara hiyo, akaanza tena.

Vyungu vikiwa tayari, lazima viuzwe. Binti Saad alivibeba kichwani kutoka Fumba mpaka mjini. Alipita mitaani akivitangaza kwa kuimba. Watu walisikia sauti kabla ya kumwona mwenye vyungu. Alikuwa na sauti kali, yenye pumzi ndefu, iliyofika mbali. Wako waliotoka nje kununua chungu. Wako pia waliotoka nje kusikiliza tu.

Hapo jambo moja likaanza kuonekana. Vyungu vilikuwa na bei ndogo, na vyungu vizuri vya kufanana na vyake vilikuwa vingi. Lakini sauti ya kufanana na ile haikuwapo. Yeye mwenyewe alikuwa hajaijua thamani yake. Alidhani ni njia ya kuuzia vyungu tu.

3. Kuhamia mjini

Mwaka 1911 binti Saad aliacha kijiji, akahamia mjini. Umri wake ulikuwa kama miaka 30. Huo si umri wa mtoto. Kwa desturi za wakati ule, mwanamke wa miaka 30 alihesabiwa kuwa mtu mzima ambaye mambo yake yamekwisha pangwa. Lakini yeye alianza maisha mapya.

Wakati ule Unguja ilikuwa na muziki uitwao taarabu. Muziki huu ulipigwa kwa udi, fidla na ngoma ndogo ndogo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeuingiza katika jumba lake kutoka Misri. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha muziki huo kiitwacho Ikhwan Safaa. Nyimbo zake ziliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Watu wa kawaida wa Unguja, waliosema Kiswahili, hawakuyafahamu maneno ya nyimbo hizo.

Mjini binti Saad alikutana na mwanamuziki aitwaye Muhsin Ali. Muhsin aliisikia sauti yake, akajua kwamba hapa pana kitu kikubwa. Akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Akamfundisha pia nyimbo za Kiarabu. Mwanafunzi huyu hakuwa na daftari wala kalamu. Alisikiliza, akarudia, akashika moyoni. Mpaka leo wako wazee wetu wenye kipaji hicho cha kushika. Mtu akisema hajui kusoma, usidhani hana akili wala kumbukumbu.

Pamoja na Muhsin Ali walikuwapo wanamuziki wengine. Miongoni mwao walikuwamo Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalimu Shaaban. Wakafanya kikundi kimoja. Wanaume hawa walipiga ala na kutunga, na mwanamke huyu akaimba mbele yao. Hilo lilikuwa jambo jipya.

Ni mjini ndipo alipopewa jina la Siti. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni bibi mwenye heshima. Fikiri juu ya safari hiyo, ndugu msomaji. Alizaliwa akaitwa Mtumwa. Akiwa mtu mzima akaitwa Siti. Hakulipata jina hilo kwa nasaba wala kwa mali. Alilipata kwa kazi yake.

4. Jina linapanda

Sifa za Siti zikaenea. Alialikwa katika arusi za matajiri, Waarabu na Wahindi. Alialikwa katika jumba la Sultani Khalifa bin Haroub. Lakini pia aliimba Ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili wa mji wa Unguja, walikoishi mafundi, wachukuzi, wavuvi, na watu waliokuwa watumwa zamani. Watu hao walikusanyika kumsikiliza. Kwa wakubwa alilipwa fedha. Ng'ambo alipata habari na maneno ya kutungia nyimbo.

Jambo lake kubwa ni hili. Siti na wenzake waliiimba taarabu kwa Kiswahili. Kiarabu hawakukiacha kabisa, lakini Kiswahili kikashika nafasi ya mbele. Sasa mchukuzi na mpishi waliweza kuufahamu wimbo sawa na bwana wa jumba. Muziki uliokuwa wa ndani ya jumba la Sultani ukawa wa watu wote.

Mwaka 1928 Siti na kikundi chake walipanda meli kwenda Bombay katika nchi ya India. Siku hizi mji huo unaitwa Mumbai. Waliitwa na kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza santuri, ambayo alama yake ni His Master's Voice, yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Wakati ule Afrika Mashariki hapakuwa na chumba cha kurekodia muziki. Ndiyo sababu ilibidi wavuke bahari.

Vijana wa siku hizi wanasikiliza nyimbo katika simu, basi nieleze kidogo juu ya santuri. Santuri ilikuwa sahani nyeusi, ngumu, iliyoweza kuvunjika ikianguka. Juu yake ilikuwa na mfereji mwembamba sana uliozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kati. Sahani iliwekwa juu ya gramafoni. Mtu alizungusha mkono wa gramafoni kama anayejaza saa. Sahani ikazunguka mara 78 hivi kwa dakika. Sindano ya chuma ikapita katika ule mfereji, na sauti ikatoka. Upande mmoja wa sahani ulichukua dakika 3 hivi tu. Wimbo wa taarabu nyumbani huweza kuchukua muda mrefu sana. Kwa hiyo waimbaji walilazimika kuufupisha ili uenee katika sahani.

Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri za biashara. Baada ya mwaka 1928 alirekodi tena, kwa sababu santuri za kwanza zilinunuliwa kwa wingi. Kufikia mwaka 1931 santuri zaidi ya 72,000 za kikundi chake zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa hesabu kubwa sana. Watu wengi hawakuwa na gramafoni. Wale waliokuwa nazo, majirani waliwajia. Gramafoni moja mkahawani iliweza kusikilizwa na mtaa mzima. Hivyo sauti ya mfinyanzi wa Fumba ilifika katika miji ya pwani ya Tanganyika na Kenya, na katika miji ya bara. Ilifika mahali ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

5. Nyimbo zenye habari za watu

Kwa nini watu walizipenda nyimbo zake hivyo? Sauti ilikuwa nzuri, ndiyo. Lakini pia ziliyasema mambo yao. Ziliimba mapenzi na arusi. Ziliimba vilevile juu ya wakubwa waliodhulumu, na juu ya wanawake walioonewa.

Wimbo wake mmoja maarufu unahusu kesi ya mtu aitwaye Kijiti. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Unguja, akauawa. Kijiti alishtakiwa kwa mauaji hayo, lakini alitoroka, akavuka kwenda bara. Wanawake waliokuwa pamoja na marehemu walikwenda kutoa ushahidi. Badala ya mwuaji kuadhibiwa, wanawake hao wakapatikana na hatia kwa ajili ya pombe. Ng'ambo watu walinung'unika. Hawakuwa na gazeti la kuandika malalamiko yao. Siti akaiimba habari ile, na santuri ikaichukua. Kesi yenyewe ingalisahauliwa siku nyingi. Mpaka leo tunaijua, kwa sababu ya wimbo.

Hapo utaona kwamba wimbo ulifanya kazi ya gazeti kwa watu wasiojua kusoma. Uliwaambia mambo yaliyotokea, na uliwafanya waulizane kama hukumu ile ilikuwa ya haki.

6. Wenye wivu

Mtu akipanda, maneno hayakosi. Wako watu mjini waliochukizwa kumwona mwanamke wa shamba, mwenye asili ya utumwa, akiheshimiwa kuliko wao. Wakatunga wimbo wa kumdharau. Walimsimanga kwa kutoka shamba na kwa nguo duni alizokuja nazo mjini. Walisema kwamba asingekuwa na sauti, asingekuwa na chochote. Wengine walimsema kwa sura yake.

Siti hakuwapiga, wala hakukimbia mji. Aliwajibu kwa wimbo. Maana yake ilikuwa kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa havimfanyi mtu kuwa mtu. Jambo la kutazama ni akili na mwenendo. Watu walioupenda wimbo huo walikuwa wengi kuliko walioupenda ule wa matusi. Na walioutunga ule wa matusi, majina yao yamesahauliwa.

Tena, ndugu msomaji, yatafakari matusi yale. Walisema hana kitu ila sauti. Je, mkulima ana nini ila jembe na nguvu zake? Seremala ana nini ila msumeno na ustadi wake? Kuishi kwa kazi yako si aibu.

7. Maji yanapokupwa

Sisi tunaokaa karibu na pwani tunajua kwamba maji hujaa na hupwa. Jina la mtu nalo ni hivyo hivyo. Siti alifika juu kati ya mwaka 1928 na 1931. Baada ya hapo mambo yalibadilika, na sababu zake zilikuwa zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Mwaka 1929 biashara ya dunia ilianza kuanguka, na miaka ya 1930 iliyofuata ilikuwa miaka ya dhiki. Bei ya karafuu ya Unguja ilishuka. Bei ya mkonge wa Tanganyika nayo ilishuka. Sisi tunaolima ufuta tunajua maana yake. Bei ya zao ikishuka, mtu kwanza huacha kununua vitu visivyo vya lazima. Hununua chumvi, mafuta ya taa na nguo. Santuri huiacha dukani. Kampuni za santuri zikaona biashara imekuwa ndogo, zikapunguza sana kurekodi nyimbo za Afrika Mashariki. Kisha mwaka 1939 ikaja Vita Kuu ya Pili, na shida za biashara ya baharini zikaongezeka.

Sababu ya pili ilikuwa mabadiliko ya mapenzi ya watu. Sinema zilikuwa zimeingia mijini. Watu walitazama picha za Misri na za India, wakasikia humo nyimbo mpya na ala nyingi zaidi. Vijana walizipenda. Hata wanamuziki wa taarabu wakaanza kuzifuata. Wanawake wengine nao walianzisha vikundi vyao vya kuimba. Mlango alioufungua Siti, wengine waliupitia. Kwa mwenye kufungua mlango hilo ni jambo la furaha, lakini pia maana yake ni kwamba hayupo peke yake tena.

Sababu ya tatu ilikuwa umri. Mwaka 1940 Siti alikuwa na miaka kama 60. Sauti ni sehemu ya mwili. Pumzi ya mtu wa miaka 60 si pumzi ya mtu wa miaka 30. Mfinyanzi akizeeka, mikono hutetemeka. Mwimbaji akizeeka, sauti huchoka. Hakuna dawa ya jambo hilo.

Haikuwa kwamba Siti alifanya kosa, au alilaaniwa, au alirogwa na wenye wivu. Tunapoona mtu aliyekuwa juu ameshuka, mara nyingi twatafuta mchawi. Lakini bei ya karafuu haishuki kwa uchawi, na miaka haiongezeki kwa uchawi. Mambo ya dunia hubadilika, na mtu huzeeka. Aliye na busara hulijua hilo mapema. Wakati wa mavuno huweka akiba, na wakati angali na nguvu huwafundisha wengine.

8. Mwandishi na mwimbaji

Siti alipokuwa mzee, alikutana na mtu mmoja kutoka Tanganyika. Mtu huyo alikuwa Shaaban Robert, mshairi na mwandishi. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani serikalini, na aliandika vitabu vingi vya Kiswahili. Alitaka kujua maisha ya Siti, na Siti akamsimulia.

Hebu fikiri habari hiyo. Upande mmoja yuko mwanamke mzee ambaye hakusoma, aliyeyabeba maisha yake yote moyoni. Upande wa pili yuko mwanamume mwenye kalamu. Huyu anasimulia, yule anaandika. Kama wangekosa kukutana, tungebaki na nyimbo chache tu katika sahani zinazovunjika, na masimulizi ya watu waliomwona. Watu hao nao wangekufa mmoja mmoja.

Siti binti Saad alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Umri wake ulikuwa kama miaka 70. Miaka 8 baadaye, mwaka 1958, maandishi ya Shaaban Robert yalichapishwa kwa jina la Wasifu wa Siti binti Saad. Wasifu ni habari za maisha ya mtu. Shaaban Robert mwenyewe alifariki mwaka 1962. Kitabu kimebaki. Kwa miaka mingi kimesomwa na wanafunzi ambao hawakuwahi kuisikia santuri hata moja ya Siti.

9. Kilichobaki

Gramafoni za mkono zimekwisha. Sahani nyingi za Siti zimevunjika au zimechakaa. Lakini kazi yake haikupotea.

Kwanza, taarabu imebaki muziki wa Kiswahili. Ukisikia wimbo wa taarabu katika arusi, Kilwa Masoko au Lindi, ukayafahamu maneno yake, mkumbuke Siti na wenzake. Wao ndio walioifungua njia hiyo kwa watu wote.

Pili, wako waliozichukua nyimbo zake. Mmoja wao alikuwa Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kama Bi Kidude. Alipokuwa msichana alizisikiliza nyimbo za Siti, akazishika. Aliziimba mpaka uzeeni, hata katika nchi za Ulaya. Bi Kidude alifariki mwaka 2013. Hivyo nyimbo za Siti zilipata miaka mingine zaidi ya 60 baada ya yeye mwenyewe kuzikwa.

Tatu, jina lake limetumika kuwatetea wanawake. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987. Baadaye kilitoa gazeti lake, kikaliita Sauti ya Siti. Waanzilishi wake walikuwa wanawake waliosoma, wenye kazi za magazeti na redio. Walipotafuta jina la gazeti, walichagua la mwanamke ambaye hakusoma.

10. Na wewe, ndugu msomaji

Labda utauliza, habari za mwimbaji wa Unguja zinanihusu nini mimi niliye Likawage, mwenye shamba la ufuta na watoto wa kulea? Sikiliza.

Likawage na vijiji vya jirani wako akina mama wanaojua nyimbo za unyago, za kutwanga, za kubembeleza watoto na za kuomboleza. Wako wazee wanaojua majina ya mababu, asili ya vijiji, na mambo yaliyotokea wakati wa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907. Wanayashika moyoni, kama Siti alivyozishika nyimbo. Hakuna kampuni itakayowaita kwenda Bombay. Hakuna mwandishi mkubwa atakayeshuka barabarani na daftari lake kuwauliza. Mzee mmoja akifa, anakwenda na mambo yake yote.

Lakini sasa hali si ile ya zamani. Siti alihitaji mtu mwingine amwandikie. Wewe unasoma maneno haya mwenyewe. Maana yake ni kwamba unaweza pia kuandika. Mwandiko wako labda ni mkubwa na wa polepole. Labda unakosea herufi hapa na pale. Haidhuru. Daftari moja na kalamu moja vinatosha. Mwendee mama yako mkubwa, au mzee wa mtaa, umwombe akusimulie jambo moja. Andika jina lake, jina la kijiji, na tarehe ya siku hiyo. Andika wimbo mmoja au habari moja. Wiki ijayo andika nyingine.

Usingoje mpaka mtu awe maarufu ndipo maisha yake yaandikwe. Mwenye kuuza vyungu mtaani hakujulikana kuwa ni Siti binti Saad. Watu walimwona ni mwanamke wa shamba tu, aitwaye Mtumwa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Siti alizaliwa wapi, na alifanya kazi gani kabla ya kuhamia mjini?
2. Kwa nini watu wa Ng'ambo walifurahi taarabu ilipoimbwa kwa Kiswahili?
3. Taja sababu tatu zilizofanya jina la Siti lishuke. Je, kwa jambo gani zinafanana na kushuka kwa bei ya mazao yetu?
4. Wenye wivu walisema kwamba Siti hana kitu ila sauti. Wewe ungewajibu nini?
5. Katika kijiji chako ni nani anayejua nyimbo au habari za zamani ambazo hazijaandikwa? Chagueni mtu mmoja. Mmoja wenu amwendee wiki hii na daftari, kisha alisomee darasa alichoandika.